Mkono Juu ya Kila Kitanda

Padri wetu, Mama Mkubwa Nyanchama unayetusikiliza kwa simu kutoka Nyaigesa, shemeji Loice na watoto mlioketi naye, ndugu na marafiki mliofika katika ukumbi huu hapa Doha leo, Ijumaa tarehe 27 Novemba 2015, mimi ni Maurice Nyakundi, mtoto wa dada mdogo wa Mama Nyanchama, na familia imeniomba niwasomee historia ya ndugu yetu Augustine Oirere Mogaka. Kabla sijaanza na kuzaliwa kwake, kama ilivyo desturi, naomba niseme jambo moja nisilolijua, kwa sababu nikiliacha hadi mwisho huenda sauti isinitoshe. Asubuhi ya Ijumaa iliyopita Augustine aliingia mara tatu katika chumba kilichojaa sumu, kila mara akatoka na mtu, kisha akaingia mara ya nne, na chumba hicho kina vitanda vinne, na kitanda cha nne kilikuwa kitupu. Kitanda hicho ni changu. Mpaka leo sijui kama alirudi kwa ajili yangu.

Augustine alizaliwa tarehe 17 Agosti 1974 katika kijiji cha Nyaigesa, karibu na Kebirigo, katika ile ambayo sasa ni Kaunti ya Nyamira, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mogaka, mkulima wa majani chai, na Mama Nyanchama. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1989, na alipokuwa darasa la nne mjomba wake alimpa sungura wawili katika kikapu, na katika muda wa miaka miwili wale wawili walikuwa wamejaza vibanda sita nyuma ya jiko. Wengi hapa mmefuga sungura mkiwa wadogo na mnajua kwamba mama sungura hujinyonyoa manyoya ya tumboni akawafunika nayo watoto wake, hata ukichungulia huoni kitu ila rundo la manyoya, na asiyejua hudhani kibanda ni kitupu. Augustine alijua. Kila asubuhi kabla ya shule alitia mkono chini ya manyoya, akawahesabu mmoja mmoja kwa vidole, akamwondoa aliyekufa ili asiwaozeshe wenzake, na alipokwisha alisema kwa sauti, “Wametimia,” ndipo akafunga mlango wa kibanda. Mama Mkubwa ameniambia kwamba alikuwa akilisikia neno hilo akiwa jikoni, na kwamba ndilo lililomwambia ni wakati wa kumimina chai.

Sungura hao walimlipia sehemu kubwa ya masomo ya sekondari, aliyoanza mwaka 1990 akamaliza mwaka 1993, ingawa katikati ya safari hiyo palitokea msiba uliomgeuza njia. Mwezi wa Mei mwaka 1991 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ikayachukua majivu aliyokuwa ameyazungushia miguu ya vibanda, naye hakuyarudishia kwa sababu alikuwa na mtihani, na siafu wakaja. Asubuhi alikuta sungura kumi na tisa wamekufa, wakubwa kwa wadogo. Aliwahesabu wote kwa mkono vilevile, ila siku hiyo hakulisema lile neno lake, na kwa mujibu wa mama yake hakumlaumu siafu hata mara moja, alisema siafu alikuja kutafuta chakula na kwamba mwenye kazi ya majivu alikuwa yeye.

Baada ya sekondari alichukua mafunzo ya kuhifadhi nafaka huko Nakuru mwaka 1994 na 1995, na mwezi wa Februari 1996 aliajiriwa Mombasa na kampuni ya kuua wadudu, akawa anafukiza dawa katika maghala ya mahindi na ngano karibu na bandari. Huko ndiko alikojifunza vile vidonge vya kijivu vinavyotoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa, akajifunza harufu yake, ambayo wengine husema ni ya kitunguu saumu na wengine ya samaki aliyeoza, na akajifunza kwamba mtu anayeisikia hana nafasi ya kufikiri mara mbili.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na Loice Moraa katika kanisa la nyumbani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Pamela aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2002, Paul aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2006, na Ann aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 2011. Paul alizaliwa baba yake akiwa tayari huku, na walionana mara ya kwanza mtoto akiwa na miaka miwili, akamkimbia akajificha nyuma ya mama yake, na Augustine alipotusimulia jambo hilo alicheka, lakini alilisimulia mara nyingi kuliko mtu anavyosimulia jambo la kuchekesha.

Alifika Doha tarehe 11 Machi 2006 kwa kandarasi ya miaka miwili, akakaa tisa. Nataka wale walio nyumbani waijue kazi yake, kwa kuwa yeye aliieleza kwa maneno machache. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akapanda basi la kampuni kutoka kambini kwetu Sanaiya, mtaa wa viwanda, akiwa na ovaroli kwenye mfuko, maana abiria wenzake walimhama akiivaa, akabeba pampu mgongoni katika joto linalofanya maji ya bomba yachome, akaingia kwenye hoteli za West Bay kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa hakuna hoteli inayotaka mgeni wake aone kwamba mwua mende amekuja. Kwenye majumba ya wakubwa alifuata panya juu ya dari, na kwenye kambi za wafanyakazi alipambana na kunguni, ambao hawajali wewe ni fundi au mlinzi, Mkenya, Mganda au mtu wa Tanga. Mikono yake ilibambuka ngozi kila kiangazi. Mwenzetu Suleimani wa Tanga alimwita Bwana Mende, akamwuliza kila jioni, “Bwana Mende, leo umeacha wajane wangapi?” naye akajibu kwa utulivu kwamba hakuwauliza kama wameoa. Aliua viumbe wengi sana na hakujisifu, wala hakujifanya anahuzunika.

Alikuwa na desturi moja ambayo wote waliofanya kazi naye wanaijua. Katika vyumba vyetu vya zamu, ambamo mmoja analala wakati mwenzake yuko kazini, hakuridhika kuuliza kama watu wametoka, wala kusoma orodha mlangoni. Aliingia akaweka mkono juu ya kila kitanda, akabonyeza blanketi hadi godoro, kitanda baada ya kitanda, kisha akasimama mlangoni akasema, “Wametimia,” ndipo akawasha pampu. Mwaka 2013, wakati bustani mpya za Lusail zilipovamiwa na sungura walioachiwa na watu waliochoka kuwafuga, wakachimba nyasi na kutafuna mipira ya kumwagilia maji, kampuni ilimtuma pamoja na Harun, msimamizi wake kutoka Jinja, na agizo lilikuwa mashimo yatiwe dawa na kuzibwa siku hiyohiyo. Augustine akalala kifudifudi kwenye kila shimo na kutia mkono hadi begani. Harun, ambaye yuko hapa nasi na ameniruhusu niseme haya, alimsimamia juani kwa saa nzima, kisha akamwuliza, “Augustine, tumekuja kuua au kuzalisha?” Naye, uso ukiwa kwenye mchanga, akajibu, “Bosi, mlango nikiufunga mimi, lazima nijue nimefungia nini.” Kampuni ikawapa siku kumi, wakakamata sungura arobaini na watatu wakiwa hai, mwenye shamba mmoja wa Al Khor akawachukua, na kilichowapata huko Augustine hakuuliza, alisema hiyo ni nyumba ya mtu mwingine.

Mimi mwenyewe nilifika hapa mwaka 2010 kwa juhudi zake, nikaajiriwa ulinzi kwenye jengo la ofisi West Bay, na tukaishi kambi moja, yeye chumba cha kumi na tano, mimi chumba cha tisa pamoja na Suleimani, Herbert na Paul, wajina wa mwanawe Augustine, wote walinzi wa zamu ya usiku.

Sasa nifike kwenye siku zake za mwisho. Wenzetu wa chumba cha nane walikuwa wameteswa na kunguni kwa wiki nyingi, zamu yao ya dawa ya kambi ilikuwa bado haijafika, na mmoja wao akanunua vidonge kwa mtu wa barabarani ambaye hakumweleza lolote. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 20 Novemba 2015 waliviweka chini ya vitanda, wakaziba mlango vizuri kwa utepe wa gundi, wakaondoka, bila kujua kwamba juu ya dari ukuta kati ya chumba chao na chetu haukufika paani, na gesi ingepita. Kama saa tatu Augustine alikuwa akipita kwenda kuoga, ajiandae kwa misa, akaisikia ile harufu. Kifaa chake cha kuzuia gesi kilikuwa kwenye bohari ya kampuni, kwa sababu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alifunika uso kwa taulo lililolowa, akavunja mlango wa chumba cha tisa, akamtoa Paul, akamtoa Herbert, akamtoa Suleimani, na Suleimani, aliyekuwa amelala koridoni akitapika, anasema alimwona akishika kizingiti, akasema, “Bado mmoja,” akarudi ndani. Watu wa chumba cha kumi walimkuta ameanguka kando ya kitanda changu, mkono ukiwa juu ya blanketi.

Jioni ya Alhamisi nilikuwa nimemwambia, “Kesho usinipitie, nitalala mpaka mchana.” Lakini mlinzi wa zamu ya mchana aliugua, nikaombwa nibaki, na saa kumi na mbili kasorobo asubuhi nilimtumia Augustine ujumbe kwamba sirudi hadi jioni. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa kaptura, na nilipokabidhiwa simu hiyo, ujumbe wangu ulikuwa umefunguliwa, ila ilikwishapita mikononi mwa watu wengi waliokuwa wakitafuta namba za jamaa zake, na hakuna anayekumbuka nani aliufungua. Ikiwa aliusoma, basi aliingia mara ya nne akijua kitanda ni kitupu, kwa kuwa hakuwa amekiwekea mkono. Ikiwa hakuusoma, aliingia kunitafuta mimi.

Hospitalini Jumamosi alikuwa na fahamu, na daktari alitueleza kwamba gesi hii humwachia mtu siku moja ya nafuu kabla ya kuushika moyo, jambo ambalo bila shaka yeye alilijua. Nilimkuta akiwa na mpira wa hewa usoni. Alinitazama kwa muda, akainua mkono akauweka kifuani pangu, akabonyeza kidogo, akafumba macho. Sikumwuliza. Nilidhani nitamwuliza akipona. Alifariki Jumapili tarehe 22 Novemba 2015, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wa ubalozi waliotusaidia na karatasi, Harun na wenzake wa kampuni, padri na wanakwaya, na majirani wa Nyaigesa ambao tangu Jumapili hawajamwacha Mama Mkubwa peke yake. Tunawashukuru watu wa chumba cha kumi, ambao waliingia bila kufunzwa. Tunawashukuru pia wenzetu wa chumba cha nane, wawili kati yenu mko hapa mmeketi nyuma, na tunaomba msogee mbele, kwa maana mlikuwa mnatafuta usingizi tu. Mwenzenu bado yuko mikononi mwa polisi, na familia ilipoulizwa msimamo wake Mama Nyanchama aliamua asamehewe, akatia kidole kwenye barua mbele ya chifu, picha yake ikatumwa kwa simu, na mimi niliipeleka kituoni juzi Jumatano. Nao wakazi wa kambi waliamua kwamba mlango wowote usifungwe kwa dawa kabla ya mtu kuweka mkono juu ya kila kitanda, na jana kazi hiyo ilianzwa na Suleimani, ambaye bado anatembea kwa kushika ukuta.

Nilipompigia Mama Mkubwa nikamweleza habari ya ujumbe na kitanda, nilitaka aniambie nibebe lipi. Akasema, “Maurice mwanangu, angejua hupo, angeingia. Angejua upo, angeingia. Usinilazimishe kuchagua.” Halafu akaniagiza jambo moja, kwamba yeye atampokea mwanawe sanduku likiwa limefungwa, na sheria hairuhusu lifunguliwe, kwa hiyo nimwekee mkono kwa niaba yake kabla hawajafunga, na niseme lile neno alilokuwa akilisikia akiwa jikoni.

Usiku wa leo nitasafiri naye, na atazikwa nyumbani Jumamosi tarehe 5 Desemba, nyuma ya jiko, palipokuwa na vibanda. Leo saa mbili asubuhi, katika chumba cha maiti, mafundi walisimama wakiwa wameshika kifuniko, wakanisubiri. Nilimwekea mkono kifuani, nikabonyeza kama alivyonibonyeza, nikasema, “Wametimia,” nikawapisha wafunge.

Pumzika sasa, ndugu yangu, kwa amani uliyotuachia.