Nukta na Ukurasa wa Klarineti

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1993, kitinda mimba wa fundi cherehani na mlinzi wa ghala. Akiwa na miaka sita alimwambia mama yake, "Mama, leo cherehani yako inaimba chini." Mama akamwambia aache upuuzi. Kabla jua halijazama, mkanda wa cherehani ulikatika.

Alisoma shule ya msingi na sekondari kuanzia mwaka 2000 hadi 2013. Kinanda cha shule kilikuwa na vibonye tisa vilivyokufa. Vile tisa aliviimba kwa mdomo. Mwaka 2015 alipata stashahada ya muziki.

Mwaka 2016 aliajiriwa na okestra kama mnakili. Kazi yake ilikuwa kuchukua muswada wa mtunzi na kumwandikia kila mpigaji karatasi yake, noti kwa noti, nukta kwa nukta, na ndiyo asili ya jina Nukta. Alipokuta kosa la mtunzi alilisahihisha kimya kimya, bila kumvua mtu nguo hadharani. Wapo waliopigiwa makofi kwa kazi hiyo na hawajui hadi leo.

Alichumbiwa mwaka 2019 na fundi umeme aliyemwambia, "Chagua, mimi au makaratasi yako." Alichagua. Hakuolewa.

Utungo wake wa kwanza, wa dakika kumi na moja, alioutunga kwa miaka mitatu, ulipewa nafasi katika zoezi la wazi, ambalo watu hualikwa kusikiliza, la tarehe 18 Agosti 2022. Wiki hiyohiyo mwongozaji wa okestra alimpa kazi ya watu wengine ya kunakili, naye ya kwake akaiandika mwisho, mwili ukiwa na homa. Klarineti hutoa sauti iliyo chini kidogo ya noti iliyoandikwa, kwa hiyo mpigaji wake huandikiwa juu zaidi kwa kiasi hicho. Nukta aliwafanyia watunzi wengine hivyo kwa miaka sita. Ukurasa wake mwenyewe aliusahau.

Mwongozaji alilisikia kosa tangu mwanzo. Mpigaji klarineti alishusha ala yake, akasema, "Mzee, hapa pana kosa, nipe dakika moja nirekebishe."

"Piga kilichoandikwa," alijibu. "Dada ametuandikia, tumheshimu."

Walipiga hadi mwisho. Watu walicheka, kwanza jukwaani, kisha vitini. Mama yake alikuwa safu ya tatu, amevaa gauni aliloshona kwa siku hiyo. Alimuuliza mwanawe, "Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo nilivyoandika, mama."

Kumtazama mtu akianguka, nawe una mkono wa kumdaka, si heshima. Ni ukatili, hata ukivaa koti jeusi la mwongozaji.

Mwezi Oktoba madaktari walikuta figo zake zimeharibika. Tarehe 9 Januari 2023 aliomba ruhusa wodini, akampelekea mwongozaji kwa mkono wake bahasha yenye ukurasa uliosahihishwa. Aliomba jambo moja tu: utungo wake upigwe mara moja, yeye akisikia. Alipiga simu mara nne. Mara ya mwisho mwongozaji alimwambia, "Nukta, mimi nina okestra, sina hospitali." Alifariki tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi, mama yake akiwa amemshika mguu. Kaka yake alipoifuata bahasha aliikuta kwenye droo ya mwongozaji, gundi haijaguswa.

Okestra iliombwa ije leo. Mwongozaji ametuma shada la maua na barua fupi inayosema wapigaji wana zoezi. Mpigaji klarineti amekuja bila ruhusa. Atapiga ukurasa huo peke yake, kama ulivyosahihishwa. Sehemu kubwa ya ukurasa ni kunyamaza, kwa sababu pale ndipo wenzake ishirini na saba walipotakiwa kupiga. Waombolezaji mnaombwa msikohoe wala msinong'one anaponyamaza. Atakuwa anahesabu, na nafasi hizo alizipima marehemu mwenyewe.

Ameacha mama, kaka wawili, wifi mmoja, watoto watatu wa kaka zake waliomwita shangazi, na utungo mmoja ambao haujapigwa kama alivyoutunga.

Alale salama, mahali ambapo hakuna wa kumcheka.