Fundi Shuka na Uso wa Mama

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nasimama mimi, mdogo wake wa mwisho, kuwasomea safari ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Shuka, na ambaye asingependa niisome nikiwa nimeinamisha kichwa.

Marehemu alizaliwa nyumbani tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili kati ya watatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1961 na kuimaliza mwaka 1967, kisha akasomea ushonaji kwa miaka miwili, na tarehe 3 Mei 1972 akaajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, kile chenye madirisha mawili nyuma ya jengo la dobi, alikoshona shuka nyeupe kwa miaka thelathini na sita, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2008.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na baadaye wajukuu watano.

Mwaka 2009 aliingia duka la vifaa vya shule kununua rangi za maji za kawaida, akatoka bila kujua na mirija kumi na miwili ya gwashi, rangi nzito inayochanganywa na maji lakini ikikauka inafunika kilicho chini yake, na muuzaji alipokataa kuipokea tena, dada akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya shemeji, ambaye aliitazama akasema anaona kiazi chenye masharubu, naye dada hakununa, alikifunika kiazi kwa kijani akaanza upya, na hapo ndipo alipoipenda gwashi, kwa kuwa inasamehe. Akajaribu kila kitu, akapaka nyuma ya kalenda na juu ya maboksi ya viatu, akaandika kwenye daftari kwamba rangi ya giza ikikauka hupauka, na tulipomwambia apumzike alijibu kwamba ametazama shuka nyeupe vya kutosha, sasa ni zamu ya macho yake.

Picha zote za mama yetu ziliteketea jiko lilipoungua mwaka 1984, mama mwenyewe akafariki mwaka 1991, na tangu mazishi yake mimi na kaka yetu mkubwa hatukusalimiana tena, kwa maneno ambayo leo sikumbuki nani aliyaanza. Mwaka 2013 dada akaamua kuuchora uso wa mama, akatuita mmoja mmoja, mimi Jumamosi, kaka Jumapili, kila mmoja amweleze, na alichopaka kwa maelezo yangu kaka alikikana, na cha kaka nilikikana mimi, akapaka juu yake mara kumi, karatasi ikawa nene kama soli ya ndala, na pembeni rangi ikaanza kupasuka. Tarehe 6 Septemba 2014 alituita wote saa ileile, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja, akatuketisha bega kwa bega, akasema, "Karatasi hii haibebi kosa lingine, semeni pamoja."

Kaka akasema jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo, nikajikuta nasema ni kweli, hasa akicheka, na dada akapaka taratibu, na alipoinua brashi kaka akasema, "Mdogo wangu, huyo ndiye mama." Aliyasema hayo akinitazama mimi, baada ya miaka ishirini na tatu.

Novemba 2021 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akaendelea kupaka akiegemea mito, na tarehe 9 Februari 2024, saa tano asubuhi, alifariki wodini akiwa na miaka sabini, kaka ameshika mkono wake wa kushoto, mimi wa kulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopokezana nasi zamu za kumuuguza, na wenzake wa chumba cha ushonaji, mlioishona kwa mikono yenu shuka aliyofunikwa leo.

Dada, mirija yako tumewagawia wajukuu, na vifuniko tumevikaza visikauke. Pumzika kwa amani.