Miaka Thelathini na Miwili ya Umoja wa Mabinti wa Gesima

Mgeni rasmi, Mama Celestine Bosibori, mwenyekiti wa wadhamini wa ukumbi huu. Mwanzilishi wetu mpendwa, Mwalimu Persis Nyanchoka. Wazazi, walimu, na dada zetu wa matawi ya Masimba na Ogembo: pokeeni salamu zetu za heshima.

KARIBU NYUMBANI

Mgeni rasmi, wageni wengine wakija hapa huwa tunaanza kwa kuwaeleza sisi ni nani. Kwako wewe hilo halihitajiki, maana jina lako ni la tatu katika daftari letu la kwanza. Lakini wako wadogo zetu arobaini na mmoja waliovishwa utepe wa buluu asubuhi hii, nao hawajui tulianzaje. Kwa ruhusa yako tutawasimulia ukiwa umeketi hapa hapa, ili tukikosea uturekebishe.

TULIKOTOKA

Mwaka wa 1993, vijana wa kiume wa hapa walikuwa na umoja wao, wenye sare na ngoma. Siku za mikutano yao wasichana walikuwa jikoni, wakiwapikia chai. Mwalimu Persis alikuwa akifundisha ushonaji katika shule yetu ya msingi. Siku moja alichukua shuka la buluu la kitanda chake, akalikata vipande saba, akawavisha wasichana saba begani. Akawaambia, "Dada wa tumbo moja mtu hupewa na Mungu. Hawa sita umepewa na mimi. Mtunzane." Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yetu ya pekee.

Mwaka uliofuata, muhula wa pili, Celestine wa darasa la nane alikosekana shuleni siku nne mfululizo. Wenzake wakauliza mpaka wakajua. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, majani chai yalikuwa yamejaa shambani, na baba yake, marehemu Mzee Osoro, alikuwa ameamua binti abaki nyumbani. Tena walikuwepo wageni walioanza kupiga hodi kutaka kumposa.

Jumatatu kulipopambazuka, Mzee Osoro alitoka nje akakuta wasichana sita katika chai yake, kila mmoja na kikapu mgongoni, na mistari miwili wameshaimaliza.

"Nani amewaita hapa?" akauliza.

Kemuma, aliyekuwa mkubwa wao, alimjibu huku mikono yake ikiendelea kuchuma. "Hakuna aliyetuita, baba. Tumekuja kufanya kazi ya Celestine ili yeye aende shule."

"Na nyinyi shule yenu?"

"Tumepanga zamu. Leo tunabaki wawili, kesho wawili wengine. Yeye haruki siku, kwa sababu ana mtihani."

Mzee akarudi nyumbani. Alipotoka tena alikuwa ameshika sare ya shule ya binti yake. Mwalimu Persis anatuambia kwamba jioni ile alikwenda kumshukuru, naye mzee akamjibu, "Mwalimu, msichana mwenye dada sita, mimi peke yangu nitamwozaje?"

Zamu ile iliendelea majuma matano, mpaka mama akatoka hospitalini. Mtihani ulifanywa. Yaliyofuata, mgeni rasmi, wewe unayajua kuliko sisi. Sisi tunachojua ni kwamba daftari la zamu lilianzia katika shamba lile, na mpaka leo halijawahi kufungwa.

TUNAYOJIVUNIA

Leo tuko mia mbili na kumi na watatu. Ukumbi huu tulimoketi, dada waliotutangulia walifyatua matofali yake wakati wa likizo, na mchanga wakaubeba kichwani kutoka mtoni. Miongoni mwao wamo wauguzi, walimu, wakulima, na mmoja ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Ogembo, na milango hii ni kazi ya mikono yake. Fundi Haron wa Masimba ametushonea utepe tangu shuka la mwalimu lilipoisha. Mpwa wake aliwahi kumwomba mmoja wa kuvaa harusini, akamwambia kwanza akaandikwe daftarini.

Dada akiugua, kuna anayemnakilia masomo. Akifiwa, kuna wanaomtekea maji mpaka matanga yaishe. Na katika miaka yote hii hatujawahi kufuta jina la mtu. Hilo ndilo tunalojivunia kuliko matofali.

LINALOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, mwezi uliopita tulipokea barua ya wadhamini. Inatutaka tumwondoe mwenzetu Lorna Omosa, la sivyo ukumbi ufungwe.

Lorna alijiunga nasi akiwa darasa la sita. Mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, alipata mimba, akaacha shule. Mtoto alizaliwa Oktoba. Baada ya majuma mawili utepe wake uliletwa hapa umefungwa katika gazeti, pamoja na kikaratasi: "Nimewarudishia kabla hamjanidai."

Tulikwenda kwa nyanya yake, anakoishi, tukiwa watano. Lorna hakutaka kutoka chumbani, kwa hiyo mwenyekiti wetu, Obwocha, alizungumza naye mlango ukiwa umefungwa.

"Hatujakudai kitu," akamwambia. "Tumekuja kuuliza mtoto anaamka saa ngapi."

"Mnauliza ya nini?"

"Tupange zamu."

Tukamsikia akilia, halafu akafungua.

Nyanya miguu yake haina nguvu. Basi dada waliomaliza shule na wanaosubiri vyuo humlea mtoto Ombui mchana, na sisi wengine Jumapili humchumia nyanya chai. Tangu Januari Lorna hajakosa shule hata siku moja. Muhula uliopita alikuwa wa nne katika darasa la wanafunzi hamsini na wawili. Novemba hii atafanya mtihani wa kidato cha nne.

Tunaelewa hofu ya wadhamini na ya wazazi wetu, kwamba wadogo watamwona Lorna na kudhani jambo lile ni jepesi. Hata sisi tuliiogopa. Ndiyo maana dada zetu wauguzi sasa huja kila mwezi kutueleza mambo ya miili yetu waziwazi, bila kuzungukazunguka. Lakini wanaomwona Lorna kwa karibu ni wale wanaombadilisha Ombui nguo na kumbembeleza anapoota meno. Hao hawaoni wepesi wowote.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, desturi ni kuomba mengi. Leo tuna moja. Tulikutana Jumapili iliyopita, tukapiga kura kwa kuinua mikono. Aliyetaka Lorna aondolewe hakuwepo. Tunaomba barua ile irudishwe ilikotoka.

Ikiwa haiwezekani, hatutabishana na wakubwa wetu. Ufunguo wa ukumbi uko mezani mbele yako, juu ya kitambaa cheupe. Tumeuleta sisi wenyewe, na sakafu tumeiosha jana. Tutahamia kituo cha kununulia majani chai, ambako kuna paa na hakuna mlango, na tutakwenda huko tukiwa mia mbili na kumi na watatu.

Lorna ameketi safu ya pili, mtoto yuko naye. Alituomba tusimtaje. Tulimwambia kwamba katika risala ya Umoja huu kila mwanachama ana haki ya kutajwa.

Mungu akurefushie siku, mgeni rasmi, akupe busara katika kiti ulichokalia, ampe Mwalimu wetu afya, na aibariki mikono yote iliyo shambani asubuhi hii. Nyasae abasesenie, Mungu awabariki nyote.

Imesomwa na Ashley Nyangate, katibu, kwa niaba ya dada zako wadogo,
Umoja wa Mabinti wa Gesima.