Mzee Geuza na Upande wa Kushoto

Waombolezaji wote mliofika, wa karibu na wa mbali, familia inawaomba mtulie kidogo, msikilize maisha ya ndugu yetu kama mwenyewe alivyotaka yasomwe, bila kupunguzwa na bila kupakwa rangi.

Marehemu, ambaye mjini wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Geuza, na sababu ya jina hilo itaelezwa mahali pake, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya mabati mekundu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba yetu, karani wa stoo, na mama yetu, mshonaji. Utotoni alipenda kukaa chini ya cherehani ya mama, na mara nyingi aliinua kichwa na kusema kwamba sindano imeanza kuwa butu, na mama, baada ya kumfukuza mara mbili tatu kwa kumpotezea muda, akajifunza kumsikiliza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari ya ufundi hadi 1970, kisha chuo cha mafundi wa redio kwa miaka miwili, ambako mkuu wa chuo aliandika katika ripoti yake ya mwisho kwamba kijana huyu husikiliza kuliko anavyosema, maneno ambayo baba yetu hakujua kama ni sifa au lawama.

Tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa katika kituo cha redio, chumba cha kurekodia, na huko ndiko alikovaa kwa mara ya kwanza hedifoni za daraja la juu, nyeusi, nzito, zilizochakaa mito ya masikioni, ambazo wakubwa wake waliogopa kuazimana hata wao kwa wao. Katika jengo hilo hilo alikutana na mpiga chapa wa idara ya habari, akamwambia siku ya kwanza kwamba herufi moja ya mashine yake imelegea, naye dada huyo akamjibu kwamba kama ameshindwa kuanza mazungumzo kwa namna nyingine basi aikaze, marehemu akaikaza, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na binti mmoja wa katikati, na wajukuu sita, wote wapo hapa leo.

Alistaafu redioni tarehe 30 Juni 2007, na hata mwezi haujaisha akachukuliwa na mwenye duka la vyombo vya muziki, aliyempa chumba cha nyuma kiwe cha kusikilizia, chenye zulia, mapazia mazito na viti viwili, na jambo la kwanza alilofanya humo lilikuwa kuitoa saa ya ukutani, kwa kuwa ilikuwa inaongea. Kazi yake ilikuwa kuwalinganishia wateja hedifoni za bei kubwa kabla hawajanunua, na kwa wale walionunua tayari wakaona wamepunjwa, kuwaonyesha namna ya kupata humo kile walicholipia.

Taratibu zake aliwafundisha wengi. Mezani hakuweka zaidi ya jozi tatu, kwa maelezo kwamba sikio likionjeshwa vingi huanza kusema uongo, na kabla ya yote alisawazisha kiasi cha sauti kwa kipimo, kwa kuwa jozi inayopiga juu kidogo hupendwa kila mara hata ikiwa ya hovyo, na wauzaji wengi hula kwa mlango huo. Wimbo ulikuwa uleule kwa kila jozi, tena ule ambao mteja ameuzoea nyumbani kwake, si wa madoido, ukasikilizwa, kukawa na mapumziko, ukarudiwa. Wenye miwani aliwavua kwa mkono wake, kwani fremu huinua mto wa hedifoni, ukabaki mwanya, na besi yote ikatorokea hapo, mtu akarudi nyumbani akilaani kiwanda. Aliyekuja na jozi kubwa ya mgongo wazi, ile inayopitisha hewa nyuma, ameichomeka kwenye simu aliambiwa kwa upole, "Mwanangu, ng'ombe huyu unamlisha kwa kijiko," kisha akawekewa amplifaya, mashine ya kukuza sauti, yenye nguvu ya kutosha, na mara nyingi hakuhitaji kununua kitu kingine.

Na mteja akilalamika kwamba upande mmoja ni dhaifu, marehemu hakufungua kitu, hakugusa waya, alisema neno moja tu, "Geuza," yaani vaa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, udhaifu ukihama upande, ubovu ni wa hedifoni, ukibaki kwenye sikio lilelile, acha kununua, nenda kwa daktari. Mwanasheria mmoja alipelekwa hivyo, akatolewa nta ya kujaza kijiko, akarudi na kununua jozi ya bei ndogo kuliko aliyokusudia, na tangu hapo jina la Mzee Geuza likashika.

Masikio yake mwenyewe hakuyatukuza. Alipotimiza miaka sitini alitangaza dukani kwamba sauti za juu kabisa zimeshamuaga, na kuanzia hapo hukumu ya sauti hizo aliiacha kwa binti yake, ambaye alikuwa amejiunga naye kazini mwaka 2012, na hakuona haya kumwita mbele ya wateja, akisema, "Mama, njoo unisikilizie hapa juu, mimi siku hizi naishia ghorofa ya pili." Uzee, alisema, huchukua pande zote mbili kwa haki, na mtu anayechukuliwa kwa haki hana la kulalamika.

Tunafika kwenye ugonjwa. Mwezi Septemba 2016 marehemu alikataa jozi mpya iliyofika kutoka kiwandani, akisema upande wa kushoto umefifia kana kwamba umefunikwa blanketi. Ilirudishwa, kiwanda kikaijaribu, kikasema ni nzima. Akakataa ya pili, kisha ya tatu. Akabadilisha waya, akabadilisha mito, akabadilisha amplifaya, akasogeza hata kiti, na katika yote hayo, huku kila aliyeingia chumbani akiambiwa ageuze, yeye hakugeuza.

Lawama zikamwangukia fundi wa duka, ambaye marehemu alimwita Kijana ingawa ana wajukuu, na ambaye alikuwa amekula naye mchana kwa miaka tisa. Mwezi Julai 2017, mbele ya wateja wawili, fundi alirudisha jozi nyingine akiwa hakuona kosa ndani yake, na marehemu akaivaa, akaivua.

"Kijana, mikono yako imezeeka," alisema. "Unafunga vitu vikiwa bado vinaumwa."

"Mzee wangu, sibishani na wewe. Igeuze basi, tuone."

"Miaka arobaini na zaidi niko kwenye kazi hii, leo unifundishe kugeuza?"

"Sikufundishi," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mteja mmoja alicheka, akidhani ni utani wa kila siku wa watu wa duka. Marehemu alifuta miwani yake, akairudisha jozi kwenye boksi lake kwa utaratibu, akachukua kofia, akatoka, na wiki iliyofuata alimwambia mwenye duka kwamba fundi yule asiguse tena hedifoni za daraja la juu. Mwenye duka, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mzee, akamhamishia fundi kwenye benchi la redio za magari, na kwa miezi sita wawili hao walipishana mlangoni bila salamu.

Binti yake aliyaona haya yote. Siku moja ya Novemba, baada ya baba kusema asubuhi kwamba jozi fulani imekufa kushoto, alimpa jozi ileile mchana, ila ikiwa imegeuzwa, ile yenye mito ya duara ambayo mkono hauwezi kuitofautisha, akamwacha aisikilize. "Kushoto," alisema marehemu, "kama zile nyingine," akiugusa upande ambao asubuhi aliusifu. Kwa kuwa mtoto hamwambii baba yake jambo kama hilo, binti akaenda nyumbani, akamkuta mama anamenya viazi, akamwambia yeye.

Mama alizima jiko. Jioni, chakula kikiwa mezani, alimweleza mumewe moja kwa moja.

"Unajua?" mkewe alimwuliza.

"Nitajuaje, na sijageuza?" alijibu. "Nisipogeuza, mbovu ni hedifoni. Nikigeuza, mbovu ni nani?"

"Atakuwa mtu anayetibiwa. Geuza, baba watoto."

Hakugeuza siku hiyo, wala mwezi huo. Aliendelea kwenda kazini, akaendelea kukataa jozi nzima, na mkewe akaanza kukuta damu ya pua kwenye foronya. Mwanzoni mwa Januari 2018 kinyozi wake, akimnyoa shingoni, aliacha mashine na kumwuliza uvimbe huu wa chini ya taya ameupata lini, na marehemu akamlipa, akaondoka kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja.

Tarehe 6 Januari alimtuma binti amwite fundi nyumbani. Alikuwa amekaa sebuleni, jozi yake mwenyewe mapajani, ile aliyoinunua kwa mafao ya kustaafu. Aliivaa sawasawa, akasikiliza, akaivua, akaigeuza, akaivaa tena, akausikiliza wimbo wote hadi mwisho, ingawa jibu la jaribio hilo, kama alivyokuwa akiwaambia wateja, hupatikana kwenye maneno ya kwanza.

"Kijana," alisema, "mikono yako haina kosa."

"Najua, mzee. Vaa viatu, twende hospitali."

Tarehe 15 Januari 2018, katika hospitali ya rufaa, aligunduliwa kuwa na saratani nyuma ya pua, mahali ambapo mrija mdogo wa sikio unafungukia, na uvimbe ulikuwa umeuziba mrija wa kushoto na kushuka kwenye tezi za shingo. Daktari alimwuliza dalili zilianza lini, akajibu, "Septemba, mwaka juzi," na daktari akaandika. Akaelezwa kwamba atapewa mionzi pamoja na dawa, na kwamba dawa hiyo ingeweza kumharibia pia sikio la kulia, lile zima, hivyo achague, na wale waliokuwa chumbani wanasema hapo ndipo alipoomba aelezwe upya, si pale lilipotajwa jina la ugonjwa. Mkewe alimwambia, "Mimi sikuolewa na masikio," naye akakubali dawa.

Dawa ilifanya yote mawili yaliyotabiriwa. Uvimbe ulipungua, na kufikia Agosti sikio la kulia lilibakiwa na mngurumo wa chini tu, kama lori linalopita mtaa wa pili. Alirudi dukani mara chache, akakaa kwenye kiti chake, binti akivaa jozi na kumwandikia kwenye ubao mdogo anachokisikia, naye akiuliza kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama viziwi wanavyosema, "Sauti ya mwimbaji iko mbele au imejificha? Umevua hereni?" Mwezi Machi 2019 ugonjwa ulionekana kwenye mifupa na ini, na matibabu yakabaki ya kupunguza maumivu.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2019, saa nne asubuhi. Mkewe alikuwa ameketi upande wa kulia wa kitanda, akimweleza habari za nyumbani, nani amepiga simu, nani anakuja, ijapokuwa alijua kwamba hasikiki, na hakuacha kueleza hadi binti alipomshika bega.

Familia ilimwuliza daktari kama miezi ile kumi na sita ingeleta tofauti, naye alijibu kwamba ingeleta, tena kubwa, hakuzunguka. Tuna sababu ya kulisema hili hadharani. Wiki tatu kabla ya kufa, marehemu alijua kwamba historia yake itasomwa, na alijua namna zinavyoandikwa, akamwagiza binti yake, "Wasiandike niliugua kwa muda mfupi. Waandike nilijua la kufanya, nikaogopa, nikamwonea mtu mwingine badala yake." Kaka wa marehemu alimjibu kwa kuandika kwenye ule ubao kwamba si desturi kumsema marehemu hivyo siku ya kumzika. Akausoma ubao, akaufuta kwa kiganja, akasema, "Basi msinisome kabisa." Tumeona ni afadhali asomwe.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, walioeleza kila hatua kwa maandishi makubwa pale alipokuwa hasikii tena, majirani waliopunguza sauti za redio zao bila kuombwa hata baada ya kuambiwa kwamba hakuna haja, kinyozi aliyekuja kummalizia nywele nyumbani, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kituo cha redio, na mwenye duka, ambaye amekifunga chumba cha nyuma leo. Shukrani ya pekee ni kwa fundi wa duka, aliyempeleka hospitali kila alipotakiwa kwenda, mwaka mzima na zaidi, na ambaye, tulipomwomba jana asimame aseme neno, alisema walishamalizana sebuleni, hana la kuongeza.

Ndugu yetu, tumelisema kama ulivyoagiza. Upumzike sasa, kwa amani.