Mpira Alioondoka Nao Gerishon

Wapendwa, tunayemsindikiza leo ni Gerishon Kirimi, aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1981 hapa hapa Kianjai, kitinda mimba wa Mzee Douglas na marehemu Mama Charity. Dada yake Charity, anayewasomea haya, ndiye aliyembeba mgongoni, na anasema mtoto yule hakuwa na mkono wa kutulia. Gunzi, jiwe, kiazi, chochote alichoshika kiliruka. Kuku wa majirani walikoma.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji, kisha sekondari, akamaliza mwaka wa 1999. Huko mwalimu mmoja aliwaletea besiboli, mchezo ambao wazee waliuita vita vya rungu. Gerishon akawa mrushaji, yule anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye rungu. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Na kwa kuwa wabishi hawakosekani hata msibani, takwimu ni hizi: hadi alipoacha kucheza, Gerishon alikuwa ametoa wapigaji 312 katika mechi 41. Wakati huo Wesley, mrushaji mwenzake wa timu, alikuwa na 268 katika mechi 44. Nahashon, mrushaji wao wa tatu, 190 katika mechi 43, na Nahashon asinune, tumekuja kuzika.

Tarehe 10 Desemba 2005 alifunga ndoa na Virginia, wakajaliwa binti, Stacy.

Mei 2008 alipata kazi ya uaskari katika jengo moja mtaa wa Al Sadd, Doha. Sasa, timu yao ina desturi: mrushaji hashuki kilimani kabla ya kumkabidhi mwenzake mpira, mkono kwa mkono. Siku ya kuagana Wesley alinyoosha mkono. Gerishon akautia mpira mfukoni, akacheka. "Tulia, Wes. Miaka miwili tu, narudi nao."

Hakurudi. Pasipoti ilikaa kwa mwajiri, na bila kibali cha mwajiri hakukuwa na kutoka nchini. Kila alipoomba aliambiwa "bukra", yaani kesho, na bukra ikazaa bukra. Mama alipofariki mwaka wa 2012, aliomba ruhusa ya kuja kumzika tu. Wakamnyima. Alimzika mama yake kwa simu, amejikunja kwenye kitanda cha juu katika kambi ya wafanyakazi, Abu Hamour, wenzake wa chumbani wakijifanya wamelala. Iliuma, na bado inauma. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akirusha mpira ule ukutani mwa kambi, mpaka msimamizi akampiga marufuku.

Huku nyumbani Wesley alifikisha 311 mwaka wa 2014, akagoma kupanda kilimani. "Simpiti mtu aliyefungiwa. Na mpira hajanipa." Gerishon akapiga simu akiwaka. "We Wes, una wazimu? Huku wamenifungia, na wewe huko unanifungia mara ya pili! Rusha, bwana! Angalau mmoja wetu asogee." Wesley akamjibu, "Njoo unipe mpira." Wote wawili vichwa vigumu, na wote wawili walilia, kila mtu upande wake.

Mwaka wa 2017 figo zilianza kumsumbua. Aliomba arudi atibiwe nyumbani, karibu na mkewe. Bukra. Tarehe 9 Juni 2018 alifariki hospitalini, Doha. Kibali, ndugu zangu, kilitoka wiki ile ile. Jeneza halikuambiwa bukra.

Amemwacha mjane wake Virginia, binti yake Stacy, baba yake Mzee Douglas, dada yake Charity, na timu nzima iliyosimama pale nyuma na kofia mkononi.

Mpira ulirudi ndani ya sanduku lake la nguo, ameufunga kwa soksi. Virginia anao. Wesley, usiangalie chini. Sogea, uupokee kwa mkono wa mkewe, maana wake umefika mwisho. Halafu Jumamosi urushe, kama alivyokuomba.

Na wewe Gerishon, mdogo wangu, shuka sasa kilimani. Pumzika kwa amani. Umefika kwenu, hakuna wa kumwomba ruhusa.