Rugamba Ezéchias na Sarafu Aliyoiita Ng'ombe

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2025, theluji ilifunga barabara za Buffalo, Marekani. Mukashyaka, mke wa marehemu, alikaa jikoni na simu mapajani, akingoja habari kutoka hospitalini. Ililia mara mbili, na mara zote alikuwa ndugu mmoja wa Columbus, ambaye jina lake tunaliacha. "Mama Isaro, ile kitu iko salama?" Hali ya mgonjwa hakuiuliza. Ilipolia alfajiri, alikuwa muuguzi.

Mzee Rugamba alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Minembwe, Kivu Kusini, mtoto wa tatu wa Theogene na Leya. Alisoma mpaka darasa la nne, baba yake akamrudisha kwenye ng'ombe, naye hakulalamika.

Alimwoa Mukashyaka tarehe 6 Agosti 1994. Vita viliwapeleka Burundi, na mwaka 2010 wakafika Marekani, mji wa Louisville, mtaa wa Shively. Alifunga maboksi ghalani mpaka mgongo ukakataa. Mwaka 2017 walihamia Buffalo, akapata kazi ya kumtunza Mzee Walenty, Mpolandi mjane. Hawakuelewana lugha, lakini walicheka kutwa.

Mwaka 2021, akikaribia kufa, Walenty alimpa sarafu ya fedha ya Poland, ya kumbukumbu ya katiba ya nchi yao. Tangu hapo Mukashyaka hakutulia. Nani hutoa kitu kama hicho bure? Walipokwenda harusini Columbus, waliionyesha kwa muuza sarafu, ndugu yule wa simu akiwepo. Aliigeuza chini ya taa, akasema ni aina adimu, vinukta vya ukingoni si kama vya zile nyingine. Kisha akatabasamu: waiache mpaka kesho. Mukashyaka aliinyakua. Waliporudi Buffalo, mtaa wao wote wa Grant Street ulinong'ona kwamba Rugamba amemwibia mzungu.

"Bon, uza hiyo franga, tupumuke," Mukashyaka alimwambia mumewe; kwake ilikuwa pesa tu.

"Ile si franga, Mama Isaro. Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani ya kuingia mu mufuko?"

Kwao milimani, aliyekupa ng'ombe amekuwa ndugu. Ng'ombe huyo hauzwi, na nyumba iliyomtoa hupelekewa maziwa. Basi kila Pasaka Rugamba alibeba galoni ya maziwa kwa Halina, binti pekee wa Walenty. Pazia lilitikisika, mlango ukabaki umefungwa. Mukashyaka, akitazama kutoka garini, alijiuliza: kama haikuibwa, kwa nini huyu anajificha?

Oktoba 2024 figo za Rugamba zilishindwa kazi. Aliomba jambo moja: asizikwe kabla Halina hajaambiwa.

Juzi Mukashyaka na binti yake Isaro walikwenda kwa Halina, sarafu ikiwa ndani ya kitambaa, tayari kurudishwa. Walibisha. Pazia likatikisika. Isaro akasema kwa Kiingereza, kwa sauti: "Baba amekufa. Hatukuja kuomba kitu."

Kufuli ikalia. Halina alitoka na kandambili, macho mekundu.

"Baba yangu aliniambia alimpa sarafu," alisema. "Nilidhani anakuja kutaka nyingine."

Sarafu ikabaki kitambaani, naye akauliza mazishi ni saa ngapi.

Rugamba ameacha mke, watoto Isaro, Kirezi na Eliezer, wajukuu wanne, na Halina, aliyefungua mlango. Mungu ampumzishe, ametembea vya kutosha.