Nyuki wa Sikio la Fundi

Benchi lililo mbele ya kibanda cha fundi cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, na wote waliowahi kulikalia wanajua kwamba hapo mwenye akili ni tofali. Ijumaa hiyo, saa tano na nusu mchana, walikuwapo wale wale. Dokta, ambaye hajawahi kutibu kitu isipokuwa simu. Mnara, aliyelinda mnara wa simu miaka kumi na moja akastaafu na tochi yake. Na Mhariri, anayesoma magazeti ya meza ya jirani bila kununua hata moja, kisha huyasahihisha kwa mdomo. Birika la kahawa lilikaa katikati yao kama mwenyekiti. Ndani ya mlango, Fundi alikuwa anakunja pindo la suruali huku akiitazama simu yake mezani, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa watu.

Saa sita kamili binti yake angepiga.

Miezi miwili nyuma, baada ya miaka thelathini ya kelele za cherehani, Fundi alipewa kifaa cha kusaidia kusikia, kidude cha rangi ya maharage kinachokaa nyuma ya sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limeshastaafu. Tangu siku hiyo alisikia mvua, alisikia mkasi, alisikia hata jinsi benchi linavyomsengenya. Simu tu ndiyo iliyogoma. Akiipeleka sikioni, mzinga mzima wa nyuki unaamka. Tena nyuki hao hutangulia: simu haijaita bado, wao wameshaanza kuvuma, Fundi anasema “inakuja”, na kweli inakuja. Mhariri alikuwa amelitolea jambo hilo methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Basi kila Ijumaa Fundi alivua kifaa ili nyuki watulie, akabaki kiziwi kama kinu, na benchi likampokelea simu kwa zamu. Wiki mbili zilizopita binti aliongea dakika saba nzima. Mhariri alisikiliza akitikisa kichwa, akakata, akatangaza:

— Anakusalimia.

Wiki iliyopita, zamu ya Dokta, binti alikataa katakata. Ana neno la masikio ya baba peke yake, alisema, na kama baba hataki tena kuongea naye, basi asifichwe, aambiwe. Maneno hayo yalimkaa Fundi kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

— Ni mionzi, alisema Dokta. Simu inaitoa, kidude kinaivuta. Ukiendelea hivyo ubongo unaiva.

Ushahidi alikuwa nao. Aliwahi kuweka yai katikati ya simu mbili kwa saa nzima. Mnara akauliza kama liliiva. Dokta akajibu kwamba lilikuwa njiani kuiva, ila mkewe aliwahi kulikaanga.

— Mimi nimelala chini ya mnara miaka kumi na moja, alisema Mnara. Simu za mji mzima zimepita tumboni mwangu. Umeona nimeiva?

— Umeota kipara.

— Kipara nilikwenda nacho kazini.

Kwa Mnara, tatizo lilikuwa wivu. Simu inakula sauti, kidude kinakula sauti, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa ni kuvilaza droo moja mpaka vizoeane. Mhariri akacheka kwa dharau ya msomi. Ule si mvumo, alisema, ni mazungumzo ya watu wote wa mji yanayogombea mlango mmoja. Sikio la Fundi limeshakuwa mnara, na inafaa liandikishwe kabla halijaleta kesi. Dokta akashauri karatasi ya rangi ya fedha ya kufungia vyakula, azungushiwe kichwani. Mnara akamkumbusha kwamba Ijumaa ya sufuria kichwani haijasahaulika. Wateja wawili walirudi na nguo zao siku ile.

— Usijali, Fundi, alisema Mhariri kwa upole wa mtu anayetoa pole. Sikio la kufa halisikii dawa.

Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Hapo kizingitini palikuwa na mama mmoja, sketi ya shule mkononi, zipu imekatika. Alikuwa amesimama kitambo akiwasikiliza, mgeni kabisa pale.

— Samahani, alisema. Hicho kifaa hakikuja na karatasi ya maelekezo?

Dokta alianza kusema kwamba fundi wa kweli hasomi maelekezo, sentensi ikamfia mdomoni. Mnara alilichungulia birika. Fundi alikuwa anatazama shingo ya Mhariri.

Maana karatasi ilikuja, tena nzuri, ngumu, nyeupe. Ilikuja wiki ile ile alipoishiwa kitambaa cha kukazia kola, na mkono wa fundi ni mwepesi kuliko dhamiri yake. Kwa miezi miwili Mhariri alikuwa akiisifia kola ya shati alilomshonea mtaa mzima, namna inavyosimama wima kama askari wa gwaride. Fundi alizipokea sifa akitazama chini. Sasa ilibaki aibu upande huu na binti upande ule.

— Mhariri, alisema. Vua shati.

Ilibidi aeleze, na alieleza kwa ufupi, kiwembe cha kufumulia kikiwa tayari mkononi. Mhariri alivua kwa heshima ya mfalme aliyepinduliwa. Bahati nzuri, shati lile alilivaa Ijumaa tu kwa kuogopa kulichosha, na kulifua ndiyo kabisa hakuthubutu. Karatasi ikatoka nzima, umbo la kola, na vitundu vya sindano pembeni. Yule mama ndiye aliyeisoma, maana Mhariri kifua wazi hakuwa na mamlaka tena.

— “Unapotumia simu, sogeza swichi ndogo ya nyuma mpaka kwenye T; hapo kifaa kitasikia simu tu. Simu iweke karibu na kifaa, si kwenye tundu la sikio. Hakikisha simu yako ni aina ya...”

— Aina ya nini? aliuliza Dokta.

Hapo mkasi ulikuwa umepita.

Fundi alikipapasa kifaa. Swichi ilikuwapo, ndogo kama punje ya mchele. Miezi miwili aliidhani urembo.

Nyuki wakaanza.

— Inakuja, alisema, akasogeza swichi.

Mtaa wote ukazimika: benchi, redio ya kinyozi, kuku. Aliinua simu akaligeukia kabati, akaitembeza nyuma ya sikio taratibu kama anayetafuta mshono uliopotea. Nyuki wakasogea mbali, wakawa nzi mmoja, nzi wa chumba cha pili.

“Baba?”

— Nakusikia, mwanangu.

Upande wa pili pua ikavutwa. Binti alimuuliza kama amemkasirikia wiki zote hizi. Fundi akamwambia la, palikuwa na nyuki tu, atamsimulia. Ndipo neno lenyewe likatoka, kwa kusitasita: kuna mtu, baba, mtu wa heshima zake, anaomba kuja nyumbani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali.

— Mlete, alisema. Nimsikie mwenyewe.

Alipogeuka, midomo mitatu ilikuwa inafunguka na kufungika bila sauti. Mnara alikuwa anahesabu kitu kwa vidole. Dokta alikuwa amesimama, na benchi limeegemea tofali. Mhariri, kola mkononi, aliuliza jambo moja mara tatu akiielekezea simu kidole. Hata kiziwi angelijua ni lipi.

Swichi Fundi aliiacha pale pale. Alipokea sketi kwa yule mama, akaikagua zipu, akavuta kiti.

— Anawasalimia, alisema, akaanza kushona.